Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno "Diverse" la Kiingereza

Maswali haya ni ya watu wanaoandika Kiingereza huku kichwani wakifikiria kwa Kiswahili: wanafunzi, watafsiri, waandishi wa ripoti, waombaji wa kazi na wa ufadhili. "Diverse" ni neno fupi linaloonekana rahisi, na labda ndiyo sababu linapachikwa hata pasipolihitaji.

"Diverse" maana yake ni nini hasa?

Kitu huitwa "diverse" kinapokuwa kizima kimoja ambacho ndani yake mna vitu visivyofanana. Msitu, darasa, jopo la wataalamu, maktaba, bunge: kila kimoja ni kimoja, ila ukikichungulia unakuta ndani mchanganyiko. "A diverse class" si darasa kubwa, wala si darasa zuri. Ni darasa ambalo wanafunzi wake wanatofautiana, iwe kwa umri, lugha, dini, uwezo au hali ya maisha.

Neno hili hukaa pia na nomino ya wingi moja kwa moja, kama "diverse opinions", yaani maoni yanayopishana kwelikweli. Hapo kile kizima hakitajwi lakini kipo: ni maoni ya kikao fulani, ya wasomaji fulani.

Asili yake ni Kilatini, "diversus", kilichogeuzwa kikaelekea upande mwingine. Kitenzi chake ni "divertere", kilichowapa Waingereza pia "divert", kuchepusha, na "divorce", talaka. Kwa hiyo tangu mwanzo neno linabeba picha ya njia zinazoachana. Tofauti ndogondogo hazilitoshi.

Kabla ya kuliandika jiulize mambo mawili: kizima ni kipi, na vilivyomo vinatofautiana kwa lipi? Ukikwama kwenye swali la pili, neno unalolitaka si hili.

Je, si namna ya kisomi tu ya kusema "many"?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaandika "We faced diverse problems" akimaanisha matatizo yalikuwa mengi. Matatizo 40 ya aina moja, kwa mfano mashine ileile kuharibika mara 40, hayawezi kuwa "diverse" hata kidogo. Matatizo manne, moja la fedha, moja la sheria, moja la afya na moja la hali ya hewa, yanastahili neno hilo bila ubishi.

Wanaikolojia wamelifikiria jambo hili kwa kina kuliko wanasarufi, na mfano wao unafaa hata kwa mtu asiyejali miti. Chukua misitu miwili midogo. Kila mmoja una miti 100, na kila mmoja una spishi 10. Kwenye msitu wa kwanza, kila spishi ina miti 10. Kwenye wa pili, spishi moja ina miti 91, na zile tisa zilizobaki zina mti mmojammoja. Ukihesabu miti, ni sawa. Ukihesabu spishi, ni sawa. Lakini tembea ndani yake. Kwenye msitu wa pili utapita mti uleule, mti uleule, mti uleule, mpaka ujiulize hizo spishi nyingine ziko wapi.

Mwaka 1949 mtakwimu Mwingereza Edward H. Simpson, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya kuvunja misimbo ya siri huko Bletchley Park, alichapisha njia ya kupima jambo hili. Wazo lenyewe ni jepesi. Chagua mti mmoja bila kuangalia, uuache palepale, kisha chagua tena: kuna uwezekano gani kwamba mara zote mbili utaangukia spishi ileile? Kwenye msitu wetu wa kwanza uwezekano ni 10 kwa 100. Kwenye wa pili ni karibu 83 kwa 100. Msitu wa kwanza ndio ulio "more diverse", na kwa mbali sana, ingawa orodha ya spishi ni ndefu sawasawa.

Somo hilo linahamia kwenye sentensi za kawaida. Kamati ya watu 20 yenye wanaume 19 na mwanamke mmoja haigeuki "diverse" kwa sababu ya huyo mmoja. Unaweza kuandika hivyo, na msomaji makini atakuuliza.

Kamusi inasema "mbalimbali". Mbona mhariri anafuta "diverse" na kuweka "various"?

Kwa sababu "mbalimbali" yetu inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili.

Tunaposema "alitoa sababu mbalimbali", mara nyingi hatusisitizi kwamba sababu zile zinapingana au zinatoka pande tofauti. Tunamaanisha zilikuwa kadhaa, si moja, na hatuna haja ya kuzitaja. Hiyo ni "various". Ni neno jepesi, halidai chochote. "The meeting was postponed for various reasons" ni sentensi ya kawaida kabisa, tena ina uungwana fulani wa kutochimba mambo. Ukiandika "for diverse reasons", msomaji anakaa mkao wa kusubiri: sababu zipi hizo zinazotofautiana kiasi hicho?

Tunaposema "jamii yenye watu wa asili mbalimbali", hapo tofauti yenyewe ndiyo habari. Hiyo ni "diverse".

Jaribio langu la haraka ni hili: kwenye sentensi yako ya Kiswahili ondoa "mbalimbali" uweke "kadhaa". Kama maana haijapungua, andika "various" au "several". Kama kuna kitu kimepotea, fikiria "diverse".

Kisarufi pia hayaendi pamoja. "Various" hutaka nomino ya wingi: "various groups". Huwezi kusema "a various group" katika Kiingereza cha leo. "Diverse" haina shida na umoja: "a diverse group". Vilevile "very diverse" inakubalika vizuri, lakini "very various" itamfanya msomaji asimame, maana "various" imekaribia maneno ya idadi, na idadi haipokei "very" kirahisi.

Na "different"?

"Different" hulinganisha hiki na kile: "My answer is different from yours". Vitu viwili tu vinatosha. "Diverse" huhitaji kundi, na vitu viwili havijawa kundi. "Two diverse answers" inasikika kama mtu aliyevaa suti kwenda shambani. Andika "two different answers".

Mtego wetu ni neno "tofauti", ambalo Kiswahili hulitumia kwa yote. Kutoka hapo huzaliwa sentensi kama "Our method is diverse from theirs". Matumizi ya namna hiyo yalikuwapo katika Kiingereza cha zamani, ila leo yanasomeka kama kosa. Sema "different from theirs".

Angalia pia kwamba "different" ina maana nyingine ya chinichini. "Different people called" inaweza kumaanisha tu kwamba waliopiga simu hawakuwa mtu yuleyule kila mara. Hata kama wote walifanana kwa kila kitu, sentensi ni sahihi. "Diverse people called" inadai zaidi ya hapo, na kusema kweli haikai vizuri. Afadhali "a diverse group of people called", kama ndivyo ilivyokuwa.

"Varied" na "diversified" zinaingia wapi?

"Varied" inafaa pale ambapo jambo moja lina mabadiliko ndani yake, hasa kadiri muda unavyokwenda: "a varied career", "a varied programme". Ni neno lenye ladha ya kutochosha. Kazi iliyo "varied" leo inakupa hiki, kesho kile. Ukisema "a diverse career" utaeleweka, lakini "varied" ndiyo inayotoka mdomoni mwa wenyewe.

"Diversified" inasema kuna mtu alifanya kitu makusudi. Mwekezaji aliyegawa fedha zake kwenye hisa, hatifungani na ardhi ana "a diversified portfolio". Msitu hauwi "diversified". Haukukaa kikao kuamua.

Hutamkwaje?

Shadda, yaani mkazo wa sauti, iko kwenye silabi ya pili. Hilo ndilo la kushika, mengine yanavumilika. Wamarekani wengi huanza na "di", wengine na "dai", na huisikilizisha ile "r". Waingereza huanza na "dai" na wengi wao huimeza "r", huku irabu ikiwa ile isiyokuwamo katika Kiswahili, ile ya "nurse" na "work". Uingereza wapo pia wanaoweka shadda kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo ukiisikia usishangae.

Kwa nini nasisitiza shadda? Kiswahili huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno la silabi mbili hiyo ni silabi ya kwanza. Ulimi wetu unaelekea huko wenyewe. Matokeo yake neno linakaribia sana "divers", wazamiaji, ambalo shadda yake iko mwanzoni. "We have a team of divers" na "We have a diverse team" ni habari mbili zisizojuana.

Katika "diversity" na "diversify" shadda inabaki palepale kwenye "ver".

Je, kuna "diverses" au "diversed"?

Hakuna. Kivumishi cha Kiingereza hakifuati wingi wa nomino, kwa hiyo "diverses" haipo. "Diversed" nayo haipo, ingawa nimeikuta kwenye maandishi ya watu wenye shahada zao. Inatokana na "diversified" na "varied" kuchanganyika kichwani. Kulinganisha ni "more diverse" na "most diverse". Na nomino haigeuki kivumishi kwa nguvu: si "diversity people", ni "people from diverse backgrounds".

Neno likae wapi kwenye sentensi?

Kabla ya nomino, "a diverse audience", au baada ya kitenzi, "The audience was diverse". Lisikae nyuma ya nomino kama vivumishi vyetu: "an audience diverse" ni mpangilio wa Kiswahili uliovalishwa maneno ya Kiingereza.

Kutaja aina ya tofauti kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutanguliza kielezi: "culturally diverse", "linguistically diverse", "ethnically diverse", "genetically diverse". Ya pili ni "in": "The group was diverse in age and experience". Mimi huipenda hii ya pili kwa sababu inamlazimisha mwandishi kusema. Papua New Guinea, yenye lugha zaidi ya 800, inaitwa "linguistically diverse" na hakuna wa kubisha. Ukiiita "diverse" peke yake, msomaji atabaki akikisia kama unazungumzia lugha, ndege au milima.

"A diverse range of" ni kosa?

Kisarufi si kosa. Utaikuta kwenye magazeti makubwa na kwenye taarifa za vyuo vikuu. Lakini "range" tayari ina wazo la utofauti ndani yake, kwa hiyo neno moja linasukuma mlango uliokwisha funguka. "A wide range of" inasema upana, na upana ndio "range" inaouhitaji. "A diverse variety of" ni mbaya zaidi. Hiyo futa tu, bila huruma.

Yanayoandamana na "diverse" bila kugombana ni "group", "population", "society", "backgrounds", "interests", "needs", "views", "perspectives", "audience", "ecosystem". Yote ni makundi, au ni mambo yanayomilikiwa na makundi.

Nimeona "as diverse as". Inatumikaje?

Hii ni mojawapo ya njia nzuri kabisa za kulitumia neno hili, na waandishi wetu hawaitumii vya kutosha. Umbo lake ni "fields as diverse as medicine and music". Maana yake: fani zilizo mbalimbali kiasi cha kuanzia tiba mpaka muziki. Unataja mifano miwili au mitatu, na umbali kati yake ndio unaofanya kazi.

Kwa hiyo chagua mifano inayotengana. "Fields as diverse as physics and chemistry" inachekesha, kwa sababu fizikia na kemia ni majirani wa ukuta mmoja. "As diverse as law, football and beekeeping" ina nguvu. Na usimalize kwa "etc.", ile mifano imekwisha wakilisha wengine wote.

Nomino inayotangulia iwe ya wingi. "A field as diverse as medicine" pia ipo, lakini maana inageuka: hapo tiba yenyewe, kama fani moja, ndiyo inayosemwa kuwa na mengi ndani yake.

Mtu mmoja anaweza kuwa "diverse"?

Swali hili lina ugomvi ndani yake, na jibu linategemea unamwandikia nani.

Kwa maana tuliyoanza nayo, hapana. Mtu mmoja si kundi. Anaweza kuwa na "diverse interests", mapenzi ya mambo yasiyofanana, lakini yeye mwenyewe hawezi kutofautiana na nafsi yake. Hata hivyo, katika Kiingereza cha ofisini, hasa cha Marekani, utasikia "a diverse candidate" au "diverse hires", kwa maana ya mtu anayetoka kwenye kundi ambalo halina wawakilishi wa kutosha mahali hapo, ama kwa rangi, jinsia, ulemavu au jingine.

Historia yake inaeleza kidogo. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Bakke dhidi ya Chuo Kikuu cha California, iliyohusu udahili. Jaji Lewis Powell aliandika kwamba chuo kinaruhusiwa kikatiba kutafuta "a diverse student body". Tazama kivumishi kilipokaa: juu ya "student body", jumuiya nzima ya wanafunzi. Mwaka 2003, katika kesi ya Grutter dhidi ya Bollinger, Mahakama iliukubali msimamo huo. Kwa miaka mingi vyuo, na makampuni nyuma yao, vilizungumza lugha hiyo, na katika kusemwasemwa kivumishi kikateleza kutoka kwa kundi hadi kwa mtu anayelifanya kundi liwe hivyo. Uamuzi wa Juni 2023 katika kesi iliyohusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina ulizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili kwa namna ile ya awali. Uamuzi ulibadilisha sheria. Neno halikurudi lilikotoka.

Nionavyo mimi, usilitumie kwa mtu mmoja. Sababu ya kwanza ni ya lugha, nimeshaieleza. Ya pili ni kwamba lina ubaguzi wa kimyakimya: ukimwita mtu mmoja "diverse", umewafanya wengine kuwa ndio kipimo, na yeye ndiye aliyetoka nje ya mstari. Ya tatu ni kwamba linaficha. "A diverse candidate" ni nani? Mwanamke? Mtu asiyeona? Mzungumzaji wa lugha ya wachache? Kama jambo hilo lina umuhimu, liseme kwa jina lake. Kama halina, kivumishi cha nini?

Mpaka huohuo upo kwenye mazungumzo kuhusu usonji na hali nyingine za ubongo. Wanaojali matumizi husema kundi ni "neurodiverse", na mtu mmoja ni "neurodivergent". Wengi huchanganya, ila ukiwaandikia wahusika wenyewe, tofauti hiyo wanaiona.

"Divers" bila "e" mwishoni ni kosa la chapa?

Inategemea umeikuta wapi. Kwenye barua pepe ya juzi, ndiyo, na programu ya kusahihisha tahajia haitakuokoa kwa sababu "divers" ni neno halali. Kwenye maandishi ya kale, hapana. "Divers" lilikuwa neno kamili lenye maana ya "kadhaa, za namna nyingi", na shadda yake iko mwanzoni. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inalo mara nyingi. Waebrania 1:1 inasema Mungu alinena "in divers manners", na kwenye Mathayo 4:24 wagonjwa wana "divers diseases".

Mawakili wa shule ya zamani bado hulipachika kwenye hati. Wewe huna haja nalo, isipokuwa unatafsiri hati hizo, na hapo Kiswahili chake ni "kadhaa" au "mbalimbali", basi.

Kuna maneno mengine ya jamii hii. Nichague vipi?

Mengi, na hayabadilishani nafasi kama kamusi za visawe zinavyotaka tuamini.

"Heterogeneous" ni la maabara na takwimu: mchanganyiko usiolingana, sampuli isiyo ya aina moja. Halina joto lolote. Ukiita harusi "heterogeneous" watu watadhani unapima damu. "Disparate" ni kwa vitu vilivyo mbali kiasi kwamba kuviunganisha ni kazi: "disparate sources of data". Neno hili linabeba ugumu, wakati "diverse" mara nyingi linabeba sifa. Huo ni ukweli wa kuukumbuka: "a diverse team" ni pongezi, "a disparate team" ni onyo.

"Eclectic" ni la mchaguzi. Asili yake ni Kigiriki, kuchagua, kwa hiyo linafaa kwa ladha ya mtu, rafu yake ya muziki, mapambo ya nyumba yake. Umati wa watu waliokutana kwa bahati kituoni hauna aliyeuchagua, basi si "eclectic". "Motley" lilihusu kitambaa cha rangi za kuchanganywa, kile cha vazi la mchekeshaji wa mfalme, na kicheko hicho hakijalitoka. "A motley crew" ni kundi la ovyoovyo. Usiliweke kwenye ripoti ya wafadhili.

"Assorted" ni la vitu vidogo vilivyofungwa pamoja. "Sundry" limebaki kwenye vitabu vya hesabu na katika "all and sundry". "Multifarious" lipo, liache huko liliko.

Nomino yake nayo ina mitego?

"Diversity" kwa kawaida haihesabiki. "The diversity of the forest", si "the diversities". Ila inapokea "a" ikifuatwa na "of": "a diversity of views", ambayo ni nzuri na haitumiki kupita kiasi. Ndiyo iliyoingia kwenye maneno makubwa ya kisiasa. Utangulizi wa Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 una "united in our diversity". Kaulimbiu ya Umoja wa Ulaya, iliyopatikana mwaka 2000, ni "United in diversity". Kwenye mazingira, Mkataba wa Bayoanuwai, kwa Kiingereza "Convention on Biological Diversity", ulifunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro Juni 1992 na ukaanza kutumika Desemba 1993.

Kwenye barua ya kuomba kazi niandike "diverse experience"?

Wasomaji wa barua hizo wameiona sana, na haiwaambii kitu. Tuchukue sentensi ya kawaida: "I have diverse experience and diverse skills from diverse organisations". Uliza yale maswali mawili. Kizima ni uzoefu wako. Vilivyomo vinatofautiana kwa lipi? Jibu la mwombaji, tuseme, ni kwamba alifundisha, akatunza hesabu, kisha akaratibu utafiti. Basi aandike: "I have taught, kept accounts and coordinated research". Neno limetoka, utofauti umebaki, na sasa unaonekana.

Akitaka kulibakiza, kuna mahali: "I have worked in settings as diverse as a primary school and a research laboratory". Hapo linajilipia nauli.

Na nikitafsiri kurudi Kiswahili, niweke nini?

Usikimbilie "anuwai" kila mara. Ni neno zuri, na katika "bayoanuwai" limeshajijengea nyumba, lakini "timu anuwai" bado inasikika kama imetoka kwenye mashine. Kiswahili kinapenda kutaja tofauti yenyewe. "A diverse country" inaweza kuwa "nchi ya makabila na dini nyingi". "A diverse team", kulingana na muktadha, ni "timu yenye wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee" au "timu yenye watu wa fani mbalimbali". Kama matini haisemi tofauti ni ipi, "watu wa kila namna" au "mchanganyiko wa watu" vitakuvusha. Kwa mimea na wanyama, "aina nyingi za" inatosha mara nyingi, ingawa kwenye maandishi ya kisayansi itabidi ukumbuke ile misitu miwili.

Jambo moja la kuangalia zaidi ya mengine: siku hizi "diverse" inatafsiriwa "jumuishi". Hiyo ni "inclusive". Ofisi inaweza kuwa na watu wa kila namna ambao nusu yao hawasikilizwi kwenye vikao. Hiyo ni "diverse", lakini si jumuishi.